Mkono Unaopima: Maneno kwa Wahitimu wa Kozi ya Baa, Mombasa

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na ninyi wadogo zangu mnaohitimu leo, hamjambo?

Kabla sijasema lolote, naomba mtazame hiki nilichokishika. Wa nyuma huenda hamkioni, ni kidogo. Ni kikombe cha chuma chenye vinywa viwili na kiuno chembamba katikati. Upande huu hubeba mililita 30, upande wa pili 60. Mabatenda wengi, yaani wachanganyaji wa vinywaji vya baa, hukiita jiga; mimi nakiita kipimo. Ninacho tangu mwaka 2006. Kimekwaruzika kila mahali na mng'ao wake ulikwisha zamani, lakini bado kinasema kweli.

Mkuu wa chuo aliponipigia simu aliniuliza swali moja: vijana hawa wakitoka hapa, kazi ya kokteli, hivi vinywaji vya kuchanganya, itakuwepo miaka ishirini ijayo? Nikamwambia anipe wiki nifikirie. Wiki imekwisha. Jibu langu ni kwamba itakuwepo, ila haitakuwa ya kila mtu awezaye kufungua chupa. Itakuwa ya anayepima.

Niwaeleze nimeyatoa wapi maneno haya.

Mimi ni mtoto wa Kisauni. Mama yangu, huyo aliyeketi safu ya mbele mwenye leso ya manjano, alikuwa akiuza maji ya ukwaju nje ya lango la shule ya msingi. Usiku alikuwa akiroweka ukwaju kwenye sufuria, alfajiri anaufikicha kwa mkono, anauchuja kwa kitambaa, anatia sukari, iliki iliyotwangwa na chembe ya chumvi. Kila kitu alikipima kwa kopo moja la maziwa ya unga ambalo hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kulitumia kwa kazi nyingine. Siku za jua kali alikuwa akitia sukari nyingi kidogo kuliko siku za mawingu. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, “Barafu itayeyuka mapema leo. Nikitengeneza tamu ya sasa, mtoto wa mwisho kwenye foleni atakunywa maji matupu.”

Miaka kumi baadaye nilisimama mbele ya mwalimu wa baa akitufundisha habari ya barafu na kupooza kwa kinywaji, na nikagundua kwamba somo lile nililisoma langoni mwa shule. Kokteli ikitikiswa vizuri kwa barafu, sekunde kumi hadi kumi na tano, hushuka hadi chini ya sifuri, na karibu robo ya kinachomiminwa kwenye bilauri huwa ni maji yaliyotoka kwenye barafu yenyewe. Batenda asiyelijua hilo hutengeneza kinywaji kikali au kinywaji cha maji, na hajui kosa liko wapi. Mama alilijua bila kuambiwa na mtu.

Hata hivyo, nilipopata kazi yangu ya kwanza kwenye hoteli moja ya ufukweni kaskazini, mama huyu huyu hakusema nami kwa wiki mbili. Majirani walikuwa wamemwambia binti yake anauza pombe. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Mji wetu huu una watu wengi ambao kwao pombe ni haramu, na wengine wengi ambao pombe imewavunjia nyumba. Sikuja hapa kumwambia mtu anywe. Nimekuja kusema habari ya kazi ya mikono, na nawaomba wazazi mnaotazama vyeti vya watoto wenu kwa shaka mnisikilize mpaka mwisho.

Kazi hii ina ukoo mrefu. Neno kokteli lilielezwa gazetini kule Hudson, jimbo la New York, mwezi wa Mei 1806: kileo, sukari, maji na uchungu wa mitishamba. Vitu vinne tu. Mwaka 1862 batenda wa New York aitwaye Jerry Thomas alichapisha vipimo vyake kwenye kitabu, na tangu hapo ujuzi ambao mtu alikuwa akienda nao kaburini ukawa wa kusomwa na yeyote. Mwaka 1903 mwanamke, Ada Coleman, alishika usukani wa American Bar katika hoteli ya Savoy, London, akaushika kwa zaidi ya miaka ishirini. Mabinti mliohitimu leo, mkiambiwa kaunta ni mahali pa wanaume, likumbukeni jina hilo.

Lakini katika historia yote hiyo, kipande kinachonigusa zaidi ni kile cha Marekani kati ya mwaka 1920 na 1933. Serikali ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza pombe nchi nzima. Hebu fikirini: umesomea kazi, umeizeekea, kisha sheria inapita na kazi yako inakuwa jinai. Baadhi ya mabatenda walibadili kazi. Wengine walifunga mizigo wakaenda Havana, London, Paris, na huko wakaendelea kutengeneza vinywaji walivyovijua. Harry Craddock, ambaye vinywaji vyake bado vinatengenezwa hadi leo, alifika Savoy kwa njia hiyo. Baa ilifungwa. Mkono haukufungwa.

Na sisi tumeyaona yetu. Machi 2020 baa zilifungwa, na tarehe 27 mwezi huo kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Wageni wa ng'ambo wakapanda ndege wakaenda zao. Hoteli niliyokuwa nikifanyia kazi ikatupa likizo isiyo na malipo na isiyo na tarehe ya kurudi. Nilikuwa na watoto wawili, kodi ya nyumba, na kipimo hiki mfukoni.

Wiki ya tatu nilikwenda soko la Kongowea kwa miguu, nikanunua ndimu, tangawizi na asali kwa pesa niliyokopa kwa kaka yangu. Nikaanza kupika dawa. Si ile ya baa. Ile ya nyumbani mnayoijua wote, ya ndimu, tangawizi, asali na maji moto. Nilitia kwenye chupa za chai nne, nikasimama saa kumi na mbili asubuhi kwenye stegi ya boda. Wauguzi waliokuwa wakitoka zamu ya usiku ndio waliokuwa wateja wangu wa kwanza. Baada ya mwezi walikuwa wakinipigia simu kabla sijafika. Mmoja aliniambia kitu ambacho sijakisahau: “Dada, dawa inauzwa kila kona, lakini yako kila siku ni ile ile.” Kwa sababu nilipima. Tangawizi yangu niliipima kwa mizani ya jikoni, ndimu kwa kipimo hiki, asali kwa kipimo hiki. Wenzangu walikuwa wakikisia, leo kali, kesho tamu mno.

Baa zilifunguliwa tena mwisho wa Septemba mwaka ule. Nilirudi kazini, na chupa zangu za chai nikampa shemeji. Anauza mpaka leo.

Nimetaja dawa, basi tukae hapo kidogo, maana ndani ya neno hilo mna kazi yetu nzima. Mgahawa wa Carnivore ulifunguliwa Nairobi mwaka 1980, na pale ndipo kokteli iitwayo Dawa ilipopatia jina. Wazo lilitoka Brazil, kwenye kinywaji chao cha caipirinha, cha ndimu, sukari na pombe ya miwa. Wenzetu wakatia vodka, na wakaongeza asali kwenye kijiti. Leo mtalii anashuka uwanja wa ndege wa Moi International akiwa ameshaijua kwa jina.

Nitawaonyesha inavyotengenezwa, bila vodka, walimu msiogope. Ndimu moja, vipande vinne, ndani ya bilauri fupi nene. Sukari vijiko viwili. Barafu iliyopondwa, ijae mpaka juu. Kwenye baa hapa zingeingia toti mbili za vodka, kila toti mililita 30. Sasa hiki kijiti: nakizungusha kwenye asali mpaka ishike nene, kisha nakizamisha. Tazameni asali inavyofanya. Imekutana na baridi, imekakamaa, inang'ang'ania kijiti. Haiyeyuki yote kwa mara moja. Kwa hiyo mnywaji anakoroga na kuzikandamiza ndimu, funda la kwanza linakuja chachu, la tano limelainika, la mwisho ni tamu. Kinywaji kimoja, safari nzima. Na ukizikandamiza ndimu kwa hasira kama unatwanga pilipili, ganda linatoa uchungu na safari imeharibika. Kandamiza mara tatu, nne, uache.

Tazameni tena vilivyomo. Ndimu ya Pwani. Asali ya Ukambani au Baringo. Miwa ya Magharibi. Wazo la Brazil lilikuja kama mbegu, shamba likawa letu. Nimefanya kazi na mabatenda waliosoma majina ya shira za Ufaransa mpaka wakaweza kuyaimba, lakini hawajawahi kuonja ubuyu kwa makini, hawajui mchaichai unatoa nini ukichemshwa dakika mbili na unatoa nini ukichemshwa kumi. Huko Barbados kuna shira maarufu iitwayo falernum, watu wanaiagiza kwa meli. Ladha yake ni karafuu, tangawizi na ndimu. Karafuu, wadogo zangu! Pemba iko hapo ng'ambo.

Na shira ni neno letu. Mama zenu wakitengeneza kaimati wanapika shira tangu enzi. Msione haya kuliandika kwenye menyu.

Sasa twende kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo batenda na mmwagaji wanapoachana njia. Chupa ya mililita 750 hutoa toti 25 za mililita 30. Ukimwaga kwa jicho, ukazidisha mililita 5 tu kila mara, chupa ile ile inatoa toti 21 na kidogo. Toti tatu na zaidi zimepotea, na hakuna aliyeiba. Zidisha kwa chupa kumi kwa usiku, zidisha kwa mwezi. Mwenye baa akihesabu stoki anaona pengo, na pengo hilo analiita wizi, na jina la mwizi ni lako.

Yalinikuta. Mwaka wangu wa pili kazini, mahali ambapo sitapataja, nilikatwa karibu nusu ya mshahara kwa upungufu wa chupa ambazo sikuzigusa. Kaunta ilikuwa na watu wanne na ufunguo mmoja. Hakukuwa na karatasi ya kukabidhiana zamu. Niliulizwa mbele ya wenzangu kama “nilionja.” Nililia nyuma ya ghala la soda, nikarudi nikafanya kazi kwa sababu sikujua kama nilikuwa na neno la kusema. Nilikuwa nalo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inasema waziwazi ni makato gani mwajiri anaweza kufanya. Kwa mali iliyopotea, lazima iwe umeipoteza kwa makusudi. Kwa upungufu wa pesa, lazima uwe umezembea au umekosa uaminifu, na mkataba wako uwe umekukabidhi pesa hizo. Na makato yote kwa jumla hayawezi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku za kazi zisizopungua mwezi mmoja hawi tena kibarua wa kutupwa. Someni vifungu hivyo viwili. Ni kurasa chache kuliko menyu ya mvinyo. Na mkifika kwenye hoteli yenye chama cha wafanyakazi, KUDHEIHA, jiandikisheni wiki ya kwanza, msingoje mpaka maji yafike shingoni.

Tangu siku ile sijawahi kupokea kaunta bila kuhesabu. Nikifika, nahesabu chupa, nazipima zilizofunguliwa, naandika, anayetoka anatia sahihi, mimi natia sahihi. Wenzangu wapya huniona mgumu. Baada ya hesabu ya kwanza ya mwezi huja kunishukuru.

Mnataka kusikia habari ya mashine, najua. Nimeona mkitumiana video za roboti anayetikisa kokteli. Ni kweli wapo. Tangu mwaka 2014 meli ya watalii iitwayo Quantum of the Seas ina baa ambayo mikono miwili ya roboti, kazi ya kampuni ya Makr Shakr ya Italia, inachanganya vinywaji unavyoagiza kwa tableti. Las Vegas wanayo baa ya aina hiyo tangu 2017. Na mwaka 2013 watafiti wawili wa Oxford, Carl Frey na Michael Osborne, walipima kazi 702 za Marekani kuona zipi kompyuta zinaweza kuzichukua. Kazi ya batenda waliipa uwezekano wa asilimia 77. Nilipoisoma mara ya kwanza nilishika tama.

Miaka zaidi ya kumi imepita. Meli zile zile zenye roboti bado zinaajiri mabatenda watu, tena kwa wingi. Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu nimelipata kwenye kaunta yangu mwenyewe. Mashine inamwaga mililita 30 bila kukosea. Hilo nakiri, na ninyi mkimwaga vibaya kuliko mashine basi mashine istahili kazi yenu. Kokteli za makopo nazo zimejaa kwenye majokofu ya supamaketi. Yule anayesubiri kuambiwa “ginitoniki mbili” na kuzimwaga huku akitazama simu, huyo nafasi yake inapungua, na sitawadanganya. Lakini mwaka jana alikuja mzee mmoja wa Kijerumani, peke yake, akaagiza vinywaji viwili. Kimoja akakiweka mbele ya kiti kitupu. Sikumuuliza kitu. Nilichukua kitambaa, nikapangusa mbele ya kile kiti, nikaweka kijibakuli cha korosho katikati ya bilauri zote mbili. Alikaa saa nzima. Alipoondoka aliniambia mkewe alipenda kukaa pale. Mashine ingemuuliza kama anataka kinywaji cha tatu.

Na kuna kumpima aliyelewa. Batenda lazima ajue lini kuacha kumwaga. Umri ni miaka 18, hilo halina mjadala, dai kitambulisho hata kama aliye mbele yako ni mtoto wa mkubwa. Lakini hata mtu mzima, sauti yake ikipanda, akianza kurudia hadithi, mkono ukikosa bilauri mara ya kwanza, mpe maji, mpe chakula, mwambie dereva. Nimewahi kutukanwa kwa kumnyima mtu kinywaji. Kesho yake alirudi na mkewe kuniomba radhi. Na hata asingerudi, afadhali matusi kuliko kusoma habari zake gazetini.

Vivyo hivyo kwa chupa zenyewe. Watu wanakufa nchini mwetu kwa pombe iliyochafuliwa. Chupa isiyo na stempu ya KRA, mamlaka ya mapato, isipite mikononi mwenu, hata kama meneja anasema ni ya bei nzuri. Programu ya Soma Label iko bure kwenye simu, ielekeze kwenye stempu uone. Wewe ndiye mtu wa mwisho kati ya sumu na mdomo wa mtu.

Neno jingine ni zito kwangu. Kati ya wanane tulioanza pamoja, watatu kazi hii imewala. Si wateja, wao wenyewe. Walianza kwa kuonja, kisha kinywaji cha kufungia zamu, kisha cha kufungulia. Mimi naonja kwa mrija, tone juu ya ulimi, kisha maji. Nikiwa kazini sinywi. Mpishi hali sufuria nzima ili ajue chumvi imekolea. Na ukimwona mwenzako anateleza usimfiche kwa mapenzi. Wawili kati ya wale watatu tuliwaficha.

Mabinti, mtashikwa mikono. Mtaambiwa bakshishi ni kubwa ukitabasamu hivi au ukisogea pale. Kaunta ina upana wake kwa sababu. Kaeni upande wenu. Semeni “hapana” kwa sauti ya kawaida, mara moja, kisha mwiteni mlinzi. Meneja akisema ni sehemu ya kazi, hiyo si kazi, tafuteni nyingine huku mkiandika tarehe na saa ya kila tukio.

Sasa pesa iko wapi huko mbele? Nitasema ninayoyaona kwa macho.

Nilipoanza, kokteli ilikuwa ya Mwingereza na Mjerumani. Mwenyeji alikunywa bia. Tangu treni ya Madaraka ianze kuleta watu kutoka Nairobi mwaka 2017, Ijumaa jioni kaunta yangu imejaa Wakenya, vijana wa ofisini, akina mama wa chama, wanaosherehekea siku ya kuzaliwa. Wanajua wanachotaka na wanakipiga picha kabla ya kukinywa. Mgeni wa namna hii anakuja hata Mei, mvua ikinyesha, msimu ambao zamani tulikuwa tukirudishwa nyumbani. Msimdharau kwa sababu anazungumza lugha yenu.

Pili, vinywaji visivyo na kileo. Hapa nawaomba wazazi mnitazame. Harusi za mji huu, wageni mia nne, mia tano, tone la pombe hakuna. Miaka ya nyuma walipewa soda na juisi ya paketi. Leo bibi harusi anataka kaunta ya mokteli, anataka pasheni yenye povu juu, anataka ukwaju wenye moshi wa mdalasini, na yuko tayari kulipa. Mimi na wenzangu wawili tuna kazi hiyo karibu kila wikendi baada ya Ramadhani. Shira ya ukwaju anapika mama. Ndiyo, huyo aliyeninunia wiki mbili. Anailipiza kwa bei, hanipunguzii hata shilingi.

Kuna ng'ambo pia. Dubai, Doha, meli za watalii. Nendeni, sitawazuia, nilikaa Dubai miaka mitatu na nilijifunza mwendo wa kazi ambao hapa nisingeupata. Lakini jueni kwamba kazi yetu inafuata sheria za watu. Dubai waliondoa kodi ya pombe ya asilimia 30 Januari 2023, wakairudisha Januari 2025. Milango inafunguka na kufungwa, na wewe uko mbali na kwenu. Wakala akikuomba pesa, kwanza hakikisha ana leseni ya NEA, mamlaka ya kitaifa ya ajira, na mkataba uusome hapa, ukiwa na ndugu yako kando, si uwanja wa ndege. Anayetaka meli atahitaji mafunzo ya usalama wa baharini, na Bandari Maritime Academy iko hapa hapa Mombasa, hakuna haja ya kumtumia mtu pesa Nairobi akuletee cheti cha kichochoroni. Cheti hicho siku ya moto hakitakuogelea.

Anayebaki, abaki akiwa na daftari. Andika kila kinywaji ulichotengeneza kikakubalika, kwa mililita, kwa gramu, na tarehe. Mimi nina madaftari kumi na moja. Hotelini wakiniuliza kwa nini mshahara wangu upande, sizungumzi miaka niliyokaa. Nafungua ukurasa, naonyesha kinywaji, gharama yake, bei yake, na kiasi kilichouzwa mwezi uliopita. Mara mbili wamenipandisha bila ubishi. Mara ya tatu walikataa, nikahama na daftari langu.

Nimesema sana, na naona walimu wanatazama saa. Tufanye kazi kidogo.

Mezani hapa pana jagi la maji na bilauri kumi na mbili. Nataka kila mhitimu apite amwage mililita 30 kwa jicho tu. Kisha tutayatia kwenye kipimo hiki mbele ya watu wote, tuone. Msione haya, mara yangu ya kwanza nilimwaga 48.

Mama, wewe anza. Najua kopo umekuja nalo, nimeliona kwenye mkoba.